Mtoboa Tiketi

Ngazi ni kumi na saba. Tsuyako huzipanda
kama mtu anayevuka kijito juu ya mawe,
akiuliza kila goti kwanza kama liko tayari.
Mimi niko nyuma, nimebeba mkoba wake
na mashaka yangu, ambayo hayana mpini.

Kanazawa leo theluji ni ya majimaji,
ile inayoingia viatuni bila hodi.

Miaka thelathini na mmoja nilisimama langoni mwa stesheni
na koleo la chuma mkononi, nikitoboa tiketi.
Klik, pita. Klik, pita.
Basi mimi usinihadithie habari za tundu dogo.
Tundu ni ushahidi kwamba mtu kapita,
halimgeuzi msafiri, halifupishi safari.

Na miaka hiyo yote yeye mikono yake ilikuwa majini,
alfajiri, akikata tofu katika beseni la baridi,
kipande kikilala kiganjani pasipo kuvunjika.
Asubuhi moja vidole vilikataa kufunguka.
Akaviweka juu ya mvuke wa soya hadi jua likatoka.
Tukasema ni uchovu. Tukasema ni umri,
naye alikuwa na miaka arobaini na minne.
Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini hivi vilikuwa kumi
na havikuweza kufunga kifungo.

Hospitali walitueleza taratibu, kwa mchoro:
walinzi wa mwili wake
wameisahau sura ya mwenye nyumba,
wanampiga kwenye viungo, hasa usiku.

Bwana Kuwabara haoni tangu utotoni.
Anashika kiwiko, anashuka hadi kifundo cha mkono,
vidole vitatu juu ya mshipa, ananyamaza
kama mtu anayesikiliza mlango kabla ya kubisha.
"Jana hukulala," anasema.
"Na hiki cha kati kimevimba kuliko wiki iliyopita."
Halafu: "Tembe zako za Jumatatu umemeza?"

Tsuyako anakawia kujibu.
Mimi nangoja ayaseme yale niliyoyajia,
kwamba dawa za hospitali ni sumu, kwamba yeye anatosha.
Nilikuwa nimeshaandaa hasira.

"Mimi ni jirani," anasema kipofu, sauti imekuwa nzito.
"Jirani huleta supu, hukaa nawe usiku.
Paa la nyumba ni daktari wako.
Usibomoe paa kwa sababu jirani ni mwema."

Sindano yenyewe ni nyembamba kama sharubu za paka.
Inapita katika kijimrija, anaigonga kwa ncha ya kidole.
Tk.
Naijua sauti hiyo! Ni ya kazi yangu,
ila ndogo, kama ya stesheni ya sisimizi.
Tk, karibu na kidole gumba. Tk, chini ya goti.
Nahesabu tisa. Mazoea hayazeeki.
Mke wangu amefumba macho, kinywa kimelegea,
na mimi, niliyekagua nyuso maelfu kwa maelfu,
sikumbuki lini niliuona uso huu ukiwa haujakunjwa.

"Yamepungua?" namuuliza akivaa.
"Kidogo."
"Kidogo cha ngapi?"
Anafikiri. "Yalikuwa kumi. Sasa saba."
Ijumaa yatakuwa tisa, sote wawili twajua.
Lakini kwenye saba anafunga vifungo vyake mwenyewe,
cha tatu kinamsumbua, anakirudia,
nami nasimama pale na mikono mitupu,
aibu kidogo, kama mtu aliyestaafishwa mara ya pili.

Ngazi ni kumi na saba zile zile.
Chini, mlangoni, ananinyoshea mkono wa kulia
nimvishe glavu, maana glavu bado ni kazi yangu.
Nauelekeza kwenye mwanga wa theluji,
natafuta matundu.
Hayaonekani hata moja.

Namwacha apite.